Mashine ya Zima-Taa na Mikono ya Chiriku

Bibi Swichi, binti wa Mpanda Nguzo aliyezitandaza nyaya za simu kutoka stesheni mpaka hospitali na akaanguka mara moja tu, tena kwa kufukuzwa na nyuki. Mjukuu wa Tarishi aliyevuka mto uliofurika na mfuko wa barua kichwani, barua zikafika kavu na yeye akafika na homa. Dada mkubwa wa Chiriku. Mjane wa Zima-Taa. Mama wa mtoto mmoja, dereva wa malori ya masafa marefu. Yeye mwenyewe alikaa mbele ya ubao wa simu wa mji mzima tangu usichana wake mpaka siku walipokuja kuung'oa ubao ule na kuupakia kwenye lori kama kabati bovu. Shule aliishia darasa la saba, na hajaona bado alichopungukiwa.

Siku hizo ukitaka kuongea na mtu wa mbali, ulinyanyua mkono wa simu, na wa kwanza kukuitikia hakuwa huyo unayemtaka bali Bibi Swichi. "Namba, tafadhali." Alichomeka waya kwenye tundu lako, akachomeka wa pili kwenye tundu la mwenzako, basi mmekutana. Alijua nani anaposa na nani anaachwa. Alijua nani kafiwa kabla mwenyewe hajajua kuwa kafiwa, na mara nyingine aliuchelewesha ule waya kidogo, mtu amalize angalau kunywa chai yake. Siri hakutoboa hata moja. Mpaka leo wapo wazee wa heshima zao wakikutana naye barabarani huangalia viatu vyao, naye hupita kifua mbele.

Alimtafutia mdogo wake kazi palepale, akamketisha kiti cha pembeni yake. Huyo ndiye Chiriku. Jina hilo alipewa kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Hata usingizini aligombana na watu. Lakini kwenye ubao, mtu aliyevaa visikilizio hawezi kumsemesha jirani yake, mteja atasikia. Kwa hiyo wasichana wa pale walijitungia lugha ya mikono. Ngumi kifuani: shika laini, usikate. Vidole viwili shavuni: mkubwa wa ofisi anakuja. Kidole kuzungushwa karibu na sikio: mteja huyu akili zimemruka. Kiganja kulazwa juu ya mkono wa mwenzako: zamu yangu imekwisha, pokea laini zangu. Wengine waliridhika na hizo chache. Chiriku hakuridhika. Aliongeza, akaongeza, mpaka yeye na dada yake wakawa wanaweza kuwasengenya watu kutwa nzima bila kutoa sauti, huku midomo yao ikisema "Namba, tafadhali" kwa adabu zote.

Kisha Chiriku akaolewa, akamfuata mume ng'ambo. Mume akafa, akabaki na binti yake mmoja, ambaye kazi yake ni kufua mashuka kwenye hospitali ya huko. Miaka ikaenda. Halafu ukamwota uvimbe kooni. Wakampasua, wakautoa, na sauti ikatoka nao. Bibi Swichi alipopewa habari hiyo alikaa chini sakafuni, mahali alipokuwa amesimama. Watu wote waliojaa dunia hii, wakanyang'anywe sauti wengine. Kwa nini Chiriku?

Sasa tumseme Zima-Taa, maana bila yeye hakuna habari. Huyu alikuwa mtunza maabara wa shule ya sekondari, mtu mpole, asiyejua kunyanyua mkono wala sauti. Uchungu wake ulikuwa kwenye umeme peke yake. Ukitoka chumbani, "Zima." Ukifungua friji ukasimama unawaza, "Funga, unawaza na umeme wangu." Siku ya harusi yao alinyanyuka katikati ya hotuba ya mjomba akaenda kuzima taa ya veranda, kwa kuwa bado palikuwa na mwanga wa jua. Jina likamkaa.

Alipostaafu, aliokota kompyuta zilizotupwa na shule, akazichambua, akaunda moja nzima ya mezani. Ndani akaweka Linux, mfumo ule wa bure wenye picha ya ndege mnene asiyeruka, kwa sababu, alisema, mifumo mingine hula nguvu za mashine kama mgeni asiye na haya. Mgongoni akaichomeka kadi ya waifai yenye antena mbili fupi, mithili ya pembe za konokono. Hapo ndipo alipokaa kila asubuhi kusoma habari za dunia, ukurasa baada ya ukurasa, taratibu. Bibi Swichi alimletea chai, akasimama nyuma yake na kumsomea kwa sauti vichwa vya habari vilivyomuudhi.

Zima-Taa alikufa kwa kifua, msimu wa mvua. Waombolezaji walipoondoka, Bibi Swichi aliingia kwenye chumba kile akafunga mlango, na alipotoka alitoa amri moja. "Mashine hii ibaki alivyoiacha. Kutumia, tumieni. Kubadilisha, hapana." Hakuna aliyebisha. Nani abishane na mjane wa mwezi wa kwanza? Lakini mwezi ukawa mwaka, na amri ikabaki palepale. Kitambaa kikavu cha kufutia vumbi, ndiyo. Mashine yenyewe ilipomwomba ruhusa ya kujisasisha, aliibonyezea Hapana. Ikiomba tena, Hapana. Ilikuwa kama anamzuia mtu mlangoni.

Kwa mashine hiyo ndipo alipokuwa akionana na Chiriku. Mtu atauliza, kwani simu hazipo? Zipo. Lakini simu ya sauti ina faida gani kwa mtu asiye na sauti? Na simu za picha, kama ile ya mkwe wake, mke wa yule dereva, kioo chake ni kama kiganja, na Bibi Swichi ana mtoto wa jicho macho yote mawili. Mle aliona kivuli kinachochezacheza, basi. Kwenye skrini kubwa ya Zima-Taa, akiusogeza uso mpaka pua inakaribia kugusa, aliweza kuona vidole. Na vidole ndivyo vilivyokuwa mdomo wa Chiriku. Ugonjwa ulikuwa umemlaza kitandani, na kalamu ilikuwa imeshamshinda, mistari yake ilikwenda kombo kama njia ya mlevi. Binti yake alikuwa hajui lugha ile ya mikono hata alama moja. Alijaribu kumrekodi mama yake ili aitume picha, lakini Chiriku alipoona mle ndani ya simu hakuna mtu, aliificha mikono chini ya shuka. Alitaka uso wa dada yake.

Taabu ikawa kwamba picha haikwenda. Ilianza vizuri, Chiriku akatokea na kitambaa chake kichwani, akatabasamu, akainua ngumi na kuiweka kifuani. Shika laini, usikate. "Nimeshika!" Bibi Swichi alijibu kwa mdomo na kwa mkono. Halafu Chiriku akainua vidole aanze kusema, na picha ikaganda. Ikaganda kabisa, mkono uko hewani, jicho moja limefumba. Ilipozinduka, mikono ilikuwa imeshafika kwingine, kisha ikaganda tena. Ilikuwa kama kusoma barua iliyonyeshewa mvua, neno hapa, doa pale.

"Anasema nini, Mama Mkubwa?" binti wa Chiriku aliuliza kutoka ng'ambo, na sauti yake nayo ilifika imekatikakatika. "Kila siku anaanza hivyohivyo. Ukikatika, analia."

"Mwambie nasikia," Bibi Swichi alisema. "Mwambie mtandao ndio mchafu. Unataka kurudi nyumbani, mdogo wangu? Ni mambo ya mazishi?"

Chiriku akatikisa kichwa. Au picha ndiyo ilitikisika.

Bibi Swichi hakuwa mtu wa kukaa akilia. Alikwenda vitani. Kwanza aliipigia kampuni ya mtandao.

"Mtandao wenu umelala," alisema.

"Pole, Bibi. Umejaribu kuizima ruta na kuiwasha tena?"

"Mwanangu, mimi nimeendesha simu za mji huu kabla mama yako hajavunja ungo. Usinifundishe kuzima na kuwasha."

"Sawa, Bibi. Lakini umejaribu?"

Hakuwa amejaribu. Ruta yenyewe, kile kisanduku kinachorusha mtandao, ilikaa dukani kwa mkwe wake, mshona nguo, ng'ambo ya kichochoro. Kuvuta waya kutoka huko mpaka chumbani hakukuwezekana, maana kichochoro kilipitisha magari ya mizigo, na mwenye nyumba alikwisha kataza hata kamba ya kuanikia nguo. Kwa hiyo mawimbi ilibidi yavuke yenyewe. Mkwe akaizima ruta, akaiwasha. Picha ikaganda vilevile.

Wakaona ruta imewekwa nyuma ya kioo kikubwa cha kupimia nguo, nacho kioo huzuia mawimbi. Mkwe akaipandisha juu ya rafu, ikaangalia dirisha. Wateja wakashangilia, simu zao zimekuwa nyepesi. Mashine ya Zima-Taa haikushangilia. Wakaambiwa labda majirani wote wako kwenye chaneli moja, wanakanyagana kama watu mlango mmoja wa soko. Kampuni ikawabadilishia chaneli. Bibi Swichi akazunguka nyumba hadi nyumba kuwaomba watu wasitazame filamu saa anazoongea na mdogo wake. Wapo waliokubali kwa huruma. Kinyozi wa kona alisema, "Bibi, kwa ajili yako nazima hata feni." Na kweli aliizima. Picha ikaganda.

Mwishowe mkwe akamwita Fundi Miwani. Huyu ni mtu mzima, ndevu zimeanza mvi, anatengeneza kompyuta kwenye chumba kilicho nyuma ya duka la vioo. Alipokuwa shule, Zima-Taa ndiye aliyemwonyesha jinsi ya kushika koleo la umeme.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Karibu. Mikono yako iweke ninapoiona."

Fundi akacheka, akadhani ni mzaha. Aliinama nyuma ya mashine, akazikaza zile antena mbili kwa vidole, akazisimamisha wima. Akatazama alama ya mawimbi kwenye skrini. Ilikuwa imejaa. Akaomba simu ya mkwe, akaiweka juu ya meza ile ile, karibu na mashine, akafungua picha inayotembea. Ikatiririka bila kikwazo.

"Unaona, Mama? Mawimbi yanafika hapa mezani. Simu inakunywa, mashine inarambaramba. Ugonjwa uko ndani ya mashine. Niruhusu nifungue nitazame."

"Ndani mna kazi ya marehemu mume wangu."

"Najua, Mama. Mwalimu alinifundisha mimi."

"Basi ungejua kwamba hakosei."

Fundi alimtazama mkwe. Mkwe akatazama dari.

"Sikusema amekosea," Fundi alisema polepole. "Mashine hubadilika, Mama. Mambo ya leo ni mazito kuliko ya jana. Labda programu ya kadi imezeeka, labda ni mpango mdogo tu..."

"Nimesema hapana. Asante kwa kuja. Umpe salamu mkeo."

Akaondoka na mkoba wake bila kuufungua. Mkwe alimsindikiza mpaka kichochoroni na kumwomba radhi. Aliporudi alimkuta mama mkwe wake ameketi mbele ya skrini, anaifuta kwa kile kitambaa kikavu, mahali pamoja, tena na tena.

Wiki zikapita hivyo. Kila walipopiga, Chiriku alianza palepale, ngumi kifuani, kisha vidole, kisha kuganda. Bibi Swichi akajifunza kubahatisha. Siku moja alidhani ameona alama ya nyumba, siku nyingine alama ya maji. Aliziunganisha akatoa maana, akajibu, na Chiriku akakunja uso kwa hasira za mtu anayejibiwa asichouliza. Hasira zile Bibi Swichi aliziona vizuri kuliko chochote. Picha iliganda nazo.

Kisha alasiri moja, akiwa ameketi dukani kati ya magauni yaliyoning'inia, simu ya mkwe ikalia. Alikuwa binti wa Chiriku. Mkwe akaifungulia sauti, wasikie wote.

"Mama Mkubwa, madaktari wameacha dawa. Wamesema tumpumzishe tu. Hali tena chakula. Kitu anachofanya ni kuinua mkono, anaweka kifuani. Nikimshika anautoa, anaurudisha palepale. Sijui anataka nini. Mimi ni mtoto wake, sijui anataka nini."

Akakata, au ikakatika. Cherehani ya msaidizi ilisimama. Bibi Swichi aliomba fimbo yake, akasema anakwenda kupumzika.

Mkwe akamtangulia mlangoni. Huyu ni mwanamke ambaye tangu aolewe hakuwahi kumjibu mama mkwe wake ila "Ndiyo, Mama." Alisimama pale, futi ya kupimia bado iko shingoni, machozi yanamtiririka.

"Mama, nisamehe kwanza. Nikikukosea nipige."

"Sema."

"Baba ameshakufa, Mama. Mama Mdogo bado."

Msaidizi alijifanya anaokota sindano. Bibi Swichi alisimama ameegemea fimbo. Walidhani atatukana. Lakini yeye alikuwa mbali, kwenye kiti kirefu mbele ya ubao, na mkubwa wa ofisi anapita nyuma yao akiwafundisha wasichana wapya somo la siku ya kwanza: mteja akilalamika, usianze na laini yake, usianze na ng'ambo. Pima ubao wako, pima waya wako mwenyewe. Ukimaliza kwako, ndipo uwapigie wengine. Somo hilo yeye aliwafundisha wangapi baadaye? Alikuwa amegombana na kampuni, amesumbua majirani, amelaumu mvua na ng'ambo yote. Upande wake mwenyewe hakuupima, kwa kuwa upande wake ulikuwa na mtu ndani.

"Mwite Miwani," alisema. "Aje na mkoba wake."

Fundi alikuja akikimbia, shati liko nje. Bibi Swichi mwenyewe aliandika neno la siri la mumewe, herufi moja moja kwa kidole kimoja, akawaambia wengine wageuke. Fundi akafungua dirisha jeusi lenye maandishi meupe, akaanza kuandika amri.

"Unafanya nini?" Bibi Swichi aliuliza.

"Naipigia ruta hodi, Mama. Mashine inabisha, ruta inaitika karibu. Tunatazama inachukua muda gani kuitika."

Hodi ya kwanza ikaitikiwa upesi. Na ya pili. Iliyofuata ikakawia, nyingine ikapotea kabisa, kisha majibu yakaja kwa mkupuo kama watoto waliofunguliwa darasani. Halafu kimya tena.

"Haina uziwi," Fundi alisema. "Inasinzia."

"Mashine inasinzia?"

"Kadi ya waifai, Mama. Ipo namna ya kuiamuru ilale kila inapoona hakuna kazi, ili kuokoa umeme. Ukisoma gazeti hutambui. Inaamka, inaleta ukurasa, inalala. Lakini uso wa mtu unakuja bila kupumzika, na hii kila wakati inasinzia katikati. Ngoja nione nani kaiamuru."

Akaandika tena. Akasoma. Akasogeza miwani juu, akasoma upya, na mabega yake yakaanza kutikisika. Mkwe alidhani amepatwa na kitu.

"Ni yeye," Fundi alisema, anacheka na kufuta macho. "Haikujiwekea yenyewe. Kaiweka kwa mkono wake. Mwalimu kazima taa mpaka humu ndani!"

Bibi Swichi akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba, kicheko cha tumboni hasa, ameshika ukingo wa meza, "Zima-Taa! Zima-Taa wewe!" Mkwe naye akacheka. Kisha kicheko kikamgeukia mama wa watu, kikawa kitu kingine, wakamwacha amalize.

"Ukiitoa," aliuliza baadaye, "kinachobaki ni nini?"

"Mengine yote, Mama. Ni neno moja tu. Nimeshaandika, kilichobaki ni kubonyeza. Bonyeza wewe."

Alibonyeza. Mtu mwingine angefurahi. Yeye alihisi kama amemvua mumewe koti kwenye baridi. Fundi akapiga hodi tena, na ruta ikaitika, ikaitika, ikaitika, bila kukosa hata moja.

Wakapiga ng'ambo palepale. Binti wa Chiriku akatokea, kila unywele unaonekana, akageuza kamera kitandani.

Hapo ndipo Bibi Swichi alipoelewa jambo ambalo hakuna aliyemtahadharisha. Kule kuganda kulikuwa kumemstiri. Wiki zote hizo aliona vipande, na vipande alivijaza mwenyewe kwa uso wa mdogo wake anaoujua. Sasa uso wenyewe ulikuja mzima, bila kikwazo. Mashavu hayakuwapo. Shingo ilikuwa kamba na shimo. Mikono ile iliyosengenya mji mzima ilikuwa imelala juu ya shuka kama glavu zilizovuliwa.

"Chiriku," aliita. "Ni mimi. Nimefika. Mtandao umetengemaa, sema chochote, naona."

Macho yakafunguka. Yakatafuta, yakampata. Ngumi ikapanda mpaka kifuani, ikakaa kidogo, ikaanguka.

"Nimeshika. Sikati. Sikati, mdogo wangu."

Chiriku akaanza kusema. Vidole vilipanda, vikatetemeka, vikashindwa kusimama. Alama ya kwanza ilitaka kuwa kitu, haikuwa. Ya pili hivyohivyo. Bibi Swichi alisogea mpaka pua ikagusa kioo. Picha ilikuwa safi, mtandao ulikuwa safi, na hakuona neno hata moja. Yale aliyoyaanza tangu mwezi uliopita, siku ambazo mikono bado ilikuwa na nguvu, yalikuwa yamepita.

Chiriku mwenyewe alilijua hilo. Aliacha. Alipumua muda mrefu, kisha akamnyooshea dada yake kidole, akakipeleka taratibu karibu na sikio lake na kukizungusha. Mteja huyu akili zimemruka.

"Mwehu ni wewe!" Bibi Swichi alisema, na machozi yakaingia kwenye kicheko.

Binti wa Chiriku alikuwa ameweka mkono ukingoni mwa kitanda. Chiriku akaburuta kiganja chake juu ya shuka, kikafika, kikapanda juu ya mkono wa bintiye, kikalala. Macho yake hayakwenda kwa binti. Yalimtazama dada yake.

"Anataka nimshike," binti alisema. "Nipo, Mama. Nimekushika."

Bibi Swichi hakumsahihisha. Aliweka kiganja chake juu ya kioo, mahali mikono ile miwili ilipokuwa.

"Nimepokea," alisema. "Laini zako zote nimepokea. Nenda kapumzike, zamu imekwisha."

Chiriku akafumba macho. Hawakukata. Mkwe alifunga duka akaja kukaa naye, Fundi akakaa kizingitini, na wote wakatazama shuka likipanda na kushuka, picha haigandi, mpaka hospitali ikawaomba wamwache mgonjwa. Hakuamka tena kuongea. Haikutimia wiki, wakapewa habari.

Bibi Swichi hakulia mbele za watu. Alipokea rambirambi ameketi wima. Lakini usiku na mchana alikuwa akiunda alama kwa mikono yake mwenyewe, mapajani, chini ya kanga, akijaribu kukumbuka mikono ile ilikuwa wapi kila ilipoganda, nyumba, maji, nyumba, maji, na hakupata kitu.

Tangu hapo kila Jumapili alimpigia binti wa Chiriku. "Hujambo, mwanangu?" "Sijambo, Mama Mkubwa." "Unakula?" "Nakula." "Kazini?" "Salama." Mashine ilileta picha bila kusinzia. Macho ya Bibi Swichi ndiyo yaliyokuwa yakienda. Jumapili moja mkwe alipita nyuma yake na kikombe cha chai, akasimama kutazama. Salamu zilipokwisha na skrini kurudi tupu, mkwe alibaki amesimama.

"Mama," alisema, "yule anakuambia anakula?"

"Amesema anakula."

"Amekonda, Mama. Na nyuma yake, pale nyumbani kwao, kitanda cha Mama Mdogo bado kimetandikwa vilevile, na dawa ziko mezani. Hajatoa kitu. Anaongea na wewe anatabasamu, ukimwambia kwaheri uso unamwanguka kabla hajakata. Wewe huoni?"

Bibi Swichi alikitazama kioo kile, na mle ndani aliona mwanga tu. Kisha akaishika meza, akanyanyuka kwenye kiti.

"Kaa hapa."

"Mimi? Mama, mimi na yeye hatujawahi hata kuonana ana kwa ana. Nitamwambia nini?"

"Atakuzoea. Kaa."

Mkwe akakaa, futi shingoni, mikono mapajani kama mtu aliyeitwa ofisini.

"Mpigie sasa hivi, usingoje Jumapili. Akisema anakula, mwambie alete sahani uione. Akisema kitanda hakimsumbui, mkae wote wawili mpaka akitandue, hata kama ni kutwa nzima na nguo za wateja zikalala. Mimi nilimwahidi mama yake, na macho sina. Basi ni kazi yako. Na akitaka kukata upesi, usikubali."